Skrubu Mbili Nyekundu

Baba yangu alikuwa karani wa bohari huko Bukavu, na kitu chochote chenye kijitabu cha maelekezo alikiheshimu kupita kiasi. Mashine yetu ya CD aliinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akirudi Ulaya, na kabla hatujasikia hata wimbo mmoja alituketisha sebuleni akatusomea kijitabu chake cha Kifaransa ukurasa kwa ukurasa. Umeme volti mia mbili na ishirini. Uzito kilo nne na nusu. Joto lisipungue digrii tano wala lisizidi thelathini na tano. Tangu hapo, jua likiwaka sana, baba aliizima akisema mashine nayo ni ya kuhurumiwa. Tulimcheka kimyakimya, lakini sauti ya mashine ilikuwa safi, na majirani walikuja kusikiliza magitaa ya Kinshasa bila kualikwa.

Vita vilipoingia mjini tuliondoka, mimi na baba, mdogo wangu na mume wake, tukashika njia ya mpaka kurudi katika nchi ya wazazi wetu, ambayo sisi watoto tuliijua kwa kuhadithiwa tu. Shemeji ndiye aliyebeba mashine, kichwani, imeviringishwa blanketi. Ili aweze kuibeba, aliacha sanduku lake la nguo mlangoni. Tulivuka daraja la Rusizi katikati ya watu waliosukumana na magodoro na mbuzi, tukafika Kamembe, ng'ambo ya mpaka, wote wanne wazima.

Ilipita miezi ndipo tukapata nyumba yenye umeme. Siku tulipoichomeka, taa iliwaka, trei ikatoka, ikameza CD, ikanguruma kidogo, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna CD ndani. Kijitabu kilikuwa kimepotelea njiani, lakini baba alikuwa na kurasa za mwisho kichwani, zile za matatizo na dawa zake, akaanza kuzitaja. CD imewekwa juu chini? Hapana. Ina mikwaruzo? Tukajaribu nyingine, na nyingine. Mashine imetoka penye baridi, lenzi ina umande? Tukangoja saa nzima tukiitazama. Nikafuta lenzi kwa pamba na spiriti. Ikaandika vilevile.

Hapo ulimi wangu, ambao kwa kweli hauna mfupa, ukaniponza. Nilimgeukia shemeji mbele ya wageni waliokuja kusikiliza muziki, nikamtaka aseme aliiangusha wapi.

"Shemeki, sikuangusha," alisema.

"Basi ilianguka yenyewe, wewe ukiwa chini yake."

Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimepoteza nyumba, kazi, na vyombo vya marehemu mama, na kwa hayo yote hapakuwa na mtu wa kumkamata shati. Shemeji alikuwa karibu. Baada ya wiki alimchukua mdogo wangu wakahamia Nyakabuye kulima. Mdogo wangu hakukanyaga kwetu tena. Alipojifungua mtoto wa kwanza, alimwita baba peke yake. Baba alirudi akaniambia mtoto ana paji la uso la marehemu mama, nami nikaenda kulia nyuma ya nyumba, na bado sikwenda kumwona. Nilisema shemeji akikubali kosa lake, mlango uko wazi. Mashine niliiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa cha kufuma, ikakaa pale miaka miwili.

Mwishowe nikachoka kuiona. Nilimpelekea fundi mmoja karibu na msikiti wa Kamembe aichukue kwa vipuri, na baba akanisindikiza. Fundi alikuwa mzee mpole asiyeharakishwa na mtu. Nilimweleza habari yote, shemeji, daraja, lenzi. Hakufungua kitu. Aliipindua tu mashine miguu juu, akainama.

"Maman, hii aparei haikufa," alisema. "Angalia. Ni nani alifunga hizi vise?"

Chini ya mashine palikuwa na skrubu mbili nyekundu, zimekazwa hadi mwisho. Akanieleza kwamba ndani, sehemu inayosoma CD hukaa juu ya springi laini, na mashine ikitaka kusafiri hukazwa kwa skrubu hizo isitikisike. Ikifika, zinatolewa. Zisipotolewa, haisomi kitu.

Nikamtazama baba. Baba alikuwa akitazama mikono yake.

"Ni mie," alisema. "Ile asubui ya kutoka. Kijitabu kilisema mbele ya kusafirisha, ufunge."

"Papa, miaka mibili. Juu ya nini hukusema?"

"Muliuliza nani aliangusha. Hakuna muntu aliuliza nani alifunga."

Kisha akakiri kwa sauti ndogo kwamba alisahau. Asubuhi ile mikono yake ilifanya mambo mengi ambayo kichwa hakikuyaona. Na agizo la skrubu lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, huku yeye siku zote akitafuta dawa katika kurasa za mwisho.

Fundi alizitoa kwa bisibisi, akaweka CD. Gitaa likaanza. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikacheka huku machozi yakinitoka, mpaka fundi akaniletea maji. Furaha ile haikuwa ya muziki. Nilikuwa nimepata njia ya kwenda Nyakabuye. Aibu ilikuwepo, tena kubwa, lakini aibu hubebeka. Ukaidi ndio ulikuwa umenichosha.

Kesho yake nilikwenda, skrubu nimezifunga kwenye pindo la kitenge. Shemeji nilimkuta akipalilia maharage. Nilimwonyesha hata kabla ya salamu, nikamweleza, nikapiga magoti udongoni kumwomba msamaha. Hakukasirika. Alizigeuzageuza kiganjani, halafu akakaa juu ya tuta.

"Shemeki," alisema, "mie nilishaanza kukumbuka. Pale kwa daraja batu balinisukuma, nikapiga goti, aparei ikagonga chuma. Ile fasi kwa daraja naiona. Ile sauti naisikia." Akanitazama. "Kumbe sikuangusha?"

"Hukuangusha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shemeki."

Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Mdogo wangu alikuwa ametoka ndani, mtoto mgongoni, amesimama anatusikiliza. Shemeji akamwambia, taratibu, kwamba hakuiangusha.

"Mie nilijua," alisema mdogo wangu. "Ni weye uliacha kujua."

Kisha akaja akainama mbele yangu, akaniambia nimpokee mtoto.