Gesi Inayozaa Nyota

Juzi, kwenye ofisi ya basi hapa Arua, nilimwona binti akishuka na sanduku lake lenye lebo ya uwanja wa ndege. Shangazi yake alikuwa ametoka Koboko kumpokea. Masikio yangu mnayajua, hayakai nyumbani.

“Shangazi, mmeshamzika Baba?”

“Jana, baada ya adhuhuri. Maiti ya Mwislamu haingoji ndege.”

Binti akakaa juu ya sanduku. “Nilijua anaumwa. Lakini zamu yangu ya darubini ya redio ilikuwa wiki hiyo. Tunapima gesi inayozaa nyota, kwenye galaksi jirani.”

“Hiyo jirani iko mbali?”

“Mawimbi yake yanasafiri mamilioni ya miaka kutufikia.”

“Habari ya ugonjwa wa baba yako ilikufikia siku ileile.”

Binti akafunika uso. Shangazi akamtazama, kisha akafungua leso yake mwenyewe na kumfunga kiunoni, kama tunavyowafunga wafiwa.

“Simama, mwanangu. Udongo wa kaburi bado mbichi. Twende umsalimie.”

Baadaye nilimuuliza mwalimu mmoja kuhusu gesi hiyo. Alisema itaendelea kuzaa nyota hata wajukuu wa wajukuu wetu wakizeeka.

Kumbe ilikuwa inaweza kungoja.