Achia Kidole, Shemeji

Sisi wa milimani Uluguru, mkono wa mtu hatuuachii mpaka salamu ziishe. Mimi niliwahi kumshika mtu sokoni Mkuyuni asubuhi, namwachia ndevu zimeshamwota. Tabia hiyo ilitaka kutuzamisha, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Shemeji ana kiboti cha mashine huko baharini. Nikampelekea magunia ya karoti, akasema twende wote tukaziuze kisiwani. Mchana kweupe, tukiwa katikati ya bahari, mashine ikazima, boti ikapasuka ubavuni. Maji yaliyoingia, nawaambieni, mto Ruvu mzima! Karoti zinaelea kama bata.

Shemeji kashika ndoo, anachota anamwaga. "Shemeji, chukua redio! Bonyeza hapo, sema meidei mara tatu wajue ni hatari, sema tunazama, tuko wawili, soma namba za kwenye kile kioo wajue tulipo. Halafu achia kidole wakujibu!"

Sasa hata kama unazama, utaanzaje na shida kabla ya salamu? Nikabonyeza.

"Meidei, meidei, meidei! Shikamoo! Habari za hapo? Watoto hawajambo? Huku kwetu salama, ila tunazama."

Nikasoma zile namba. Herufi zinanishinda, lakini namba nimezizoea kwenye simu. Nikangoja. Kimya. Nikatoa shikamoo nyingine, kama kumi hivi. Kimya. Maji yamefika magotini.

"Shemeji, watu gani hawa? Hata marahaba hawasemi!"

"Kidole! Umeng'ang'ania kidole! Dada yangu abaki mjane kwa sababu ya kidole?"

Nikaachia. Ikatoka sauti ya binti, mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

"Babu, mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo! Kila nikitaka kujibu umebonyeza. Namba ya mwisho sijaisikia, rudia. Na watoto hawajambo."

Nikaitikia marahaba, nikasoma namba, nikaachia kidole kama nimeshika kaa la moto.

"Nimeipata, babu. Boti inakuja. Vaeni maboya, endeleeni kutoa maji."

Shemeji akacheka mpaka ndoo ikamponyoka. Nikaiokota, nikachota mpaka nadhani Zanzibar waliona bahari imepungua. Wakatukuta tumekaa juu ya karoti, hai.

Siku hizi shemeji akija kwetu mlimani, akinikuta njiani nimeshika mkono wa mtu, anapiga kelele toka mbali: "Kidole, shemeji!"

Namwachia yule mtu. Halafu namshika yeye, na yeye simwachii.