Karatasi Ndani ya Kiti cha Nyuma

Hapa Dubai kuna gari la Kimarekani la zamani, la silinda nane, lililopakwa rangi ya kijani ambayo halikupewa kiwandani. Lilipakwa hivyo kwa sababu nilitamka neno moja: "Inalingana." Aliyelipaka alipoteza kazi na akarudi kwao Machakos. Mimi niliendelea na kazi mpaka nikastaafu, nikafanyiwa keki na kupigwa picha na Meneja.

Vijana wanaojifunza ufundi wa viti huniuliza kazi hii ilifanywaje wakati wetu. Nitaeleza kwa utaratibu, tangu mwanzo, na gari hilo nitalifikia mahali pake.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Satwa. Nilikuwa nimetoka Tanga, ambako nilishona viti vya mabasi, nikidhani ufundi ninao. Duka lilikuwa na mlango mmoja, kati ya mshona kanzu na muuza betri. Mkubwa wetu alikuwa Mpakistani, na wote tulimwita Ustadi, kama mafundi wakuu wanavyoitwa huku Ghuba. Hakuniuliza jina. Alinionyesha kiti cha gari akasema, "Tanzania, fungua."

Nikatoa kisu, nikaanza kukata kitambaa. Ustadi alinishika mkono.

"Wewe bucha?"

"Hapana, Ustadi."

"Basi weka kisu. Ukikata leo, kesho utajuaje kilivyoshonwa?"

Akanipa koleo ndogo. Kitambaa cha kiti cha gari hushikiliwa kwenye fremu kwa pete za waya, moja moja. Fundi anayejua huzifungua zote kwa koleo, akavua kitambaa kizima kama anavyovua soksi. Chini yake kuna sponji, chini ya sponji kuna gunia, na chini ya gunia kuna springi. Nilikaa miezi nikifungua pete tu. Vidole vilikufa ganzi.

Ilikuwa humo, kati ya gunia na springi, nilipokuta karatasi yangu ya kwanza. Ilikuwa ya kahawia, imekunjwa mara mbili, imejaa herufi na tarakimu zilizopangwa kwenye visanduku. Nikaikunja kuitupa. Ustadi alipiga kelele hata muuza betri akatoka nje kutazama.

Ile ilikuwa karatasi ya kiwandani. Gari lilipokuwa likiundwa, lilisafiri mstarini likiwa na karatasi inayomwambia kila mfanyakazi aweke nini: injini ipi, giaboksi ipi, rangi gani, viti gani, redio au hakuna redio. Gari likikamilika, karatasi haikuwa na kazi tena. Mfanyakazi aliichomeka popote mkono ulipofika: kwenye springi za kiti, juu ya tangi la mafuta, chini ya zulia, nyuma ya dashibodi. Hakuwa anatunza kumbukumbu. Alikuwa anaondoa taka.

Miaka mingi baadaye taka ile ikawa kitu cha thamani kuliko kiti chenyewe, kwa sababu magari haya ya zamani ya Kimarekani yalighushiwa sana. Gari lililotoka na injini ndogo liliwekewa kubwa, likauzwa kama la asili. Karatasi peke yake ndiyo iliyosema lilizaliwaje. Nimewaona wanaume wenye magari mengi, watu wasiochekacheka, wakiishika karatasi hiyo kama mtu anayeshika cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba yake.

Kuitoa ni kazi ya subira. Joto la huku huifanya iwe kama biskuti, ukivuta inabaki unga. Panya nao huipenda kwa kutandika viota. Nilijifunza kuinyunyizia maji kidogo sana, kungoja, kuingiza spachula pana chini yake, kuinua pamoja na kutu na vumbi, na kuilaza kati ya vioo viwili. Baada ya hapo ndipo unaposoma. Na kitu cha kwanza kusoma si injini wala rangi. Ni namba ya chesisi. Unailinganisha, tarakimu kwa tarakimu, na namba iliyo kwenye kibati cha dashibodi. Kwa nini? Kwa sababu magari yalifuatana mstarini, na karatasi ya gari moja iliweza kuchomekwa kwenye gari la mbele au la nyuma yake. Kukuta karatasi ndani ya gari hakuthibitishi kwamba ni ya gari hilo. Ustadi alinifundisha hili kabla hajanifundisha kushona.

Ustadi alipozeeka na kurudi Lahore, duka lilifungwa. Nilichukuliwa na gereji kubwa ya Dubai Investments Park iliyofufua magari ya aina hiyo tu. Huko kulikuwa na viyoyozi, sakafu nyeupe, na Meneja, Mwingereza mwembamba aliyenawa mikono kabla ya kugusa karatasi yoyote. Jina langu lilikuwa limenitangulia. Walinijua kama mzee wa karatasi. Gari likiingia, wengine walisubiri mpaka nitoe viti, na nikitoa kitu gereji nzima ilikusanyika. Nakiri kwamba nilipenda hali hiyo.

Humo ndimo nilimomkuta Mutiso, mpaka rangi, Mkamba wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya kwaya ya kanisa lake. Tulikaa nyumba moja ya wafanyakazi, tukapika pamoja, tukataniana kila siku.

"Nyinyi Watanzania," alikuwa akisema, "hata bolti mnaiomba samahani kabla ya kuifungua."

"Na nyinyi Kiswahili mlikikabidhi airport, Nairobi."

"Wacha mzee, hakikupita mizani."

Lakini kwenye rangi hakuwa na mzaha. Alikuwa na desturi ya kukwangua sehemu ndogo ya mlango, pale bawaba zilipo, tabaka kwa tabaka kwa msasa laini, mpaka aone bati. Rangi zote ambazo gari liliwahi kupakwa zilijitokeza kama pete za mti. Meneja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba chumba cha rangi kitakuwa chini yake yeye, na atakuwa foromani. Mutiso alimpigia mkewe simu siku hiyo hiyo, kwa sauti iliyosikika jikoni.

Kisha likaja gari lile. Lilikuja ndani ya kontena kutoka Amerika, jeusi, limepigwa rangi mara nyingi, na kibati cha bodi chenye alama ya rangi kilikuwa kimeliwa na kutu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiimarati, mpole, aliyetaka lirudi lilivyotoka kiwandani, bila kuongeza wala kupunguza. Alitaka kulipeleka mbele ya wakaguzi wa maonyesho. Kila kitu kilitegemea karatasi.

Nikaikuta kwenye kiti cha nyuma. Springi ilikuwa imeilalia miaka yote, na kutu yake ilikuwa imechora mstari juu ya namba ya chesisi. Mengine yalisomeka vizuri. Rangi: kijani. Watu walikusanyika, Meneja akanipiga bega, mwenye gari akapigiwa simu.

Siku mbili baadaye Mutiso alikuja kwenye meza yangu ameshika msasa.

"Mzee, hii gari chini kabisa iko na buluu."

"Buluu ya nani? Limepakwa na watu wangapi hilo?"

"Iko juu ya bati yenyewe. Hakuna kitu chini yake."

"Mutiso, karatasi imetoka kiwandani. Unabishana na kiwanda?"

Akacheka kidogo. "Sibishani, mzee wangu. Nauliza tu. Namba umeangalia?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu, kati ya vioo. Nikainama juu yake.

"Inalingana," nikasema.

"Sawa basi. Ukisema wewe, imetosha."

Gereji yetu ilikuwa na fomu ya rangi. Ilikuwa na mstari unaosema kwamba rangi imethibitishwa kwa karatasi na namba, na chini yake nafasi ya sahihi moja, ya mpaka rangi. Mimi nilikuwa fundi viti, fomu haikunihusu. Mutiso alitia sahihi, akapaka kijani. Aliipaka vizuri mno. Ungeweza kujinyolea ndevu kwenye ule mlango.

Mkaguzi alikuja na tochi na kioo cha kukuza. Alizunguka gari, akalisifu, kisha akaomba kuona karatasi. Akakaa nayo muda mrefu. Akaenda kwenye dashibodi, akarudi, akaenda tena. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Hii karatasi ni halisi," alisema. "Lakini si ya gari hili. Hapa mwisho ni nane. Kwenye gari ni tatu."

Mwenye gari alitazama mlango wake wa kijani, akasema "La haula," akatoka nje kusimama juani.

Meneja alileta fomu. "Nani alithibitisha namba?"

Mutiso alisema, "Sir, mzee aliangalia. Aliniambia inalingana."

Meneja akanigeukia. Mafundi wote walikuwa wamesimama. Nilikuwa na koleo mkononi, na nakumbuka niliiweka mezani taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Mimi kazi yangu ni kuitoa karatasi, sir," nikasema. "Kuthibitisha ni kwa anayepaka. Imeandikwa kwenye fomu."

Kila neno lilikuwa kweli kwa mujibu wa fomu. Mutiso alinitazama. Nilitegemea atanitukana. Alisema tu, "Haiya, mzee," kama mtu aliyekanyagwa na mwenzake kwenye foleni.

Mwenye gari alikuwa amekwisha kusema hatakanyaga tena pale, na Meneja alihitaji mtu wa kulaumu. Viza ya Mutiso ilifutwa wiki ile. Alijaribu gereji mbili za Al Quoz kabla siku alizopewa za kubaki nchini hazijaisha, na zote zilimpigia Meneja kuuliza habari zake. Meneja alijibu alichoamini, kwamba ni fundi mzuri lakini hupaka bila kuangalia. Kwa mpaka rangi wa magari haya, hayo ni maneno ya mwisho. Zile tabaka alizokwangua kwenye bawaba, buluu juu ya bati, zilikuwa zimefunikwa na kijani chake mwenyewe. Hakuwa na cha kuonyesha.

Siku ya kuondoka nilimbebea begi mpaka kwenye teksi. Dereva, kijana wa Kiganda, alimtania kuhusu uzito wa mizigo, naye Mutiso akajibu utani kama kawaida yake. Kwangu alisema, "Kaa salama, mzee." Nilisema inshallah, tutaonana.

Baada ya hapo fomu ilibadilishwa ikawa na sahihi mbili, na ya kwanza ikawa yangu. Nilitoa karatasi nyingine nyingi. Nilianza kusoma namba kwa sauti, mtu wa pili akiwa kwenye dashibodi, na nikamlazimisha kila mwanafunzi wangu afanye hivyo. Walidhani ni ukali wa Ustadi wa Satwa. Utani sikuupata tena na mtu. Chumbani kwetu aliletwa Mnepali mwema ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja naye.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliona herufi zikielea. Daktari wa macho alinipima akaniuliza kwa nini nilikawia hivyo. Alisema macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka zamani sana, pengine miaka mingi kabla sijatambua. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilijiambia kwamba basi ni macho, mtu halaumiwi kwa macho yake. Nilimweleza Meneja kabla sijastaafu, nikamwambia kosa la lile gari lilikuwa langu. Alinisikiliza, akasema ni mambo ya zamani, khalas, na kwamba angeandika barua kumsafisha Mutiso kama ningempa anwani.

Sasa ninaishi na binti yangu, muuguzi, hapa hapa Dubai, kwa viza yake. Namba ya Mutiso niliipata kwa watu wa kanisa lake. Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu. Nilimwambia yote, nilichosema mbele ya Meneja, macho, daktari, barua. Nilimwomba msamaha. Sikujua kama hata bado anapaka rangi.

Alijibu kesho yake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku na mtu anayegonga bati. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya binti yangu. Barua hakuitaja. Kisha akasema:

"Mzee, mimi nataka kujua kitu moja tu, halafu tumalize. Ile asubuhi, ulisoma namba ukakosea, ama hukusoma?"

Ujumbe huo ninao kwenye simu. Ningependa kumjibu kwamba nilisoma, na daktari anaweza kunishuhudia. Nimejaribu kuirudia asubuhi ile zaidi ya mara nilizofungua kiti chochote. Namuona Mutiso na msasa wake. Naona vioo viwili, kutu, na kichwa changu kinainama juu ya karatasi. Najiona nikiinua uso na kusema. Kati ya kuinama na kusema, sijui kama nilisoma. Sijui kweli.

Sijamjibu.