Amechoka na Roho

Kanisa letu la Uriri lilinuka tumbaku. Hakuna aliyevuta, kuvuta ilikuwa dhambi, na dhambi hiyo ilihubiriwa karibu kila Jumapili. Lakini nusu ya waumini waliilima na kuikausha kwa moshi wa kuni katika vibanda vya nyuma ya nyumba, na moshi ule uliingia kwenye nguo za ibada, kwenye vitambaa vya kichwa, hata kwenye kurasa za Biblia. Tuliimba kwamba tumeoshwa huku tukinuka kama pakiti ya sigara. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili sikuliona hilo kuwa la kuchekesha. Nilikulia katika nyumba ambamo redio ilizimwa nyimbo za dunia zikianza, hereni zilikuwa za wasiookoka, na hakuna aliyegusa chakula cha jioni kabla ya kukariri mstari wake bila kukosea. Mimi sikukosea. Naomba niliseme hilo mapema, kwa sababu majivuno yangu ndiyo yaliyotufikisha pabaya.

Mchungaji wetu alitoka Bungoma, na Dholuo, lugha yetu Wajaluo, aliijua kwa salamu tu. Alihubiri kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama kando yake akitafsiri kwa ajili ya wazee. Mwalimu huyo alipohamishwa, watu walitazamana, kisha wakanitazama mimi, msichana wa darasa la sita aliyekuwa hodari wa kusoma kwa sauti. Nikapewa maiki. Jumapili ya kwanza nilitafsiri nikitazama sakafu; ya tatu, nilikuwa narusha mikono hewani kuliko mhubiri mwenyewe. Wanawake sokoni walianza kumwita mama yangu, muuza nyanya, kwa heshima mpya.

Mwaka huohuo mama alijifungua mtoto aliyekuwa ameshafariki. Alizikwa haraka, watu wakaomba, wakarudi kwenye tumbaku yao. Baba alirudi Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako alikuwa akikaa hadi mwisho wa mwezi. Mama akabaki ameketi. Hakulia wala hakugomba. Nyanya zilioza kwenye karai naye akiziangalia. Ukimwuliza jambo, jibu lilikuja baada ya muda mrefu sana, kwa sauti ndogo iliyokulazimu uiname ili uisikie. Niliogopa kuwa naye chumbani, na niliona aibu kwa kumwogopa.

Mwezi mmoja baadaye tulipata mgeni, mwinjilisti kutoka Nakuru, kwa juma zima la mikutano. Jumamosi alasiri kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye vipaza sauti. Akawaita wenye mizigo. Wazee wa kanisa wakamshika mama mikono, wakamleta mbele, wakamsimamisha ubavuni mwangu.

"Mama, mwambie Bwana shida yako," mwinjilisti alisema. "Unasumbuliwa na nini?"

Nikatafsiri. Nikainama, naye mama akaninong'oneza maneno mawili ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia: "Chunya ool." Moyo wangu umechoka. Ndivyo kila Mjaluo husema akiwa na huzuni iliyomzidi. Lakini chuny ni moyo, ni roho, hata ini la ng'ombe ni chuny, na mimi nilikuwa na maiki mkononi na watu mia wakinisubiri. Nikachagua neno lililonukia kanisa.

"Anasema amechoka na roho."

Shuleni ningeandika "amechoka rohoni" nipewe alama zangu. Siku ile kiunganishi kimoja, "na", kiliniponyoka, kama kinavyotuponyoka wengi wetu huku, na vipaza sauti vikakipeleka hadi barabarani. Mwinjilisti alirudi nyuma hatua moja.

"Amechoka na Roho? Roho Mtakatifu?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo. Nilifikiri kwamba mkalimani anayejisahihisha mbele za watu hapewi maiki tena, nikasema, "Ndiyo."

Sote tulijua kuna dhambi moja isiyosamehewa: kumkufuru Roho Mtakatifu. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Ikaamuliwa mama afunge siku tatu, bila chakula wala maji, katika chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu, kundi la maombi likipokezana. Hakuna aliyemwuliza chochote tena, kwa Kiswahili wala kwa Dholuo. Alikuwa wa kuombewa, si wa kuulizwa. Yeye naye hakukana.

Jumapili nilitafsiri ibada nzima nikisikia maombi yakinguruma nyuma ya ukuta. Jumatatu mchana nilichungulia dirishani. Mama alikuwa amelala sakafuni, midomo imepasuka, na nzi alitembea shavuni mwake bila yeye kumfukuza. Nilikimbia hadi kwa mchungaji nikiwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Alitoka, akanishika kichwa, akaniambia, "Binti yangu, Mungu anakutumia," na sentensi ikarudi tumboni. Nikaenda dukani, nikaazima simu, nikampigia mdogo wake mama, aliyekuwa akiuza samaki Homa Bay.

"Mama mdogo, mama hajakula tangu juzi. Wamemfungia kanisani."

"Nani amemfungia?"

"Wanamuombea."

"Wanamuombea ama wanamuua? Nakuja."

Alifika kabla ya jua kuzama, bado amefunga aproni yenye magamba ya samaki. Mzee mmoja alijaribu kumzuia mlangoni. "Muombeeni akiwa hospitali," mama mdogo alimwambia. "Mungu hajui njia ya kufika Homa Bay?" Akambeba dada yake mgongoni. Daktari alisema kwamba siku moja zaidi tungekuwa tunapanga matanga.

Wodini kulikuwa na mwanamke mmoja mshauri nasaha aliyekuja kila asubuhi, akavuta kiti kando ya kitanda cha mama, akakaa. Siku nyingine mama hakusema lolote, naye akakaa vilevile. Nilimtazama kwa wivu. Ndiko ilikoanzia elimu yangu ya saikolojia, hata kama kwenye barua za kuomba chuo niliandika sababu nzuri zaidi. Watu hungoja niwaambie kwamba hapo ndipo nilipoacha wokovu. Sikuacha. Mpaka leo ninaomba na ninafunga, na mgonjwa akiniambia ana mapepo simcheki. Ninamwuliza tu anamaanisha nini, kisha ninamwuliza tena.

Lakini mama aliporudi Uriri aliwekwa chini ya nidhamu. Mwaka mzima alikaa benchi la mwisho, akipitwa na meza ya Bwana, na mwaka mzima mimi nilisimama mbele nikitafsiri. Sikusema neno. Hilo linaniuma kuliko siku zile tatu.

Sasa nina ofisi Homa Bay, na mama anaishi nami. Mwezi uliopita, akichambua mboga jikoni, nilimwambia.

"Mama, siku ile sikutafsiri vizuri."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimeuzia Wakisii na Wakuria nyanya miaka hiyo yote, Kiswahili nitakosa kujua?" Hakuinua macho. "Nilisikia vile ulisema."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema umekosea, wangekunyang'anya hiyo maiki. Nilikuwa nimepoteza mtoto mmoja, nyathina, mwanangu. Singeaibisha mwingine."

Nililia hadi nikakaa chini. Kazi yangu ni kuuliza, na mama yangu mwenyewe sikuwahi kumwuliza. Nikavuta kiti, nikamwambia anieleze jinsi moyo wake ulivyochoka mwaka ule. Alisukuma mboga kando, akaanza na jina la mtoto. Sikuwa najua kwamba alikuwa na jina.