Damu kwenye Shati la Cirilo

Herminia Benegas hakuwahi kumpenda shemeji yake. Cirilo Aquino alikuwa mchoma matofali, mtu wa maneno matamu akiwa mzima, lakini akilewa alimpiga Blásida, mdogo wake Herminia, bila huruma. Mara nyingi Herminia alikwenda kumtoa mdogo wake kwenye nyumba ile, na kila mara Blásida alirudi mwenyewe. Kwa hiyo siku polisi wa Tuyupytá walipomtia Cirilo pingu kwa kumuua Nimia, mtoto wa pekee wa Herminia, mji mzima ulidhani mama huyu atashukuru.

Hakushukuru. Alisimama mlangoni pa kituo cha polisi, bado na gauni jeusi la msiba, akasema, "Huyu mtu ni mshenzi, lakini aliyemuua mwanangu si yeye. Nendeni mkatafute."

Nimia alikuwa na miaka tisa. Mchana wa Jumamosi ile ya mvua alitoka nyumbani kwenda dukani kwa Don Silverio kununua jibini, kwa sababu mama yake alikuwa muuza chipa, mikate midogo ya jibini, na Jumapili wateja huwa wengi. Jibini alinunua. Nyumbani hakufika. Asubuhi wafanyakazi wa tanuri la matofali walimkuta ndani ya banda la kukaushia, amelazwa juu ya majani makavu, amenyongwa, damu imemvuja puani. Kabla polisi hawajafika, nusu ya mji ilikuwa imeshaingia na kutoka humo bandani, na kama kulikuwa na alama yoyote ardhini, waliikanyaga ikawa tope. Kwa hilo Herminia hajawasamehe mpaka leo.

Siku tisa za sala baada ya maziko, majirani walikaa uani kwake wakipokezana kibuyu cha tereré, chai baridi ya majani, na kila aliyepokea kibuyu alipokea na zamu ya kueleza nani muuaji. Wapo waliosema ni madereva wa malori ya soya, wageni wasio na kwao. Wapo waliomtaja Fabio Insfrán, mtoto wa mwenye tanuri, kwa kuwa alikuwa na pikapu na hela na hakuwa na kazi. Wengine waliinamisha vichwa na kunong'ona: mama alikuwa wapi hata mtoto akaachwa peke yake? Herminia alipita katikati yao na trei ya vikombe, akasikia yote.

Kisha Cirilo akapatikana na shati lenye damu, na uvumi mwingine wote ukafa.

Lakini Herminia alijua mambo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye ripoti ya daktari: nyayo za miguu ya Nimia zilikuwa safi na ndala zake hazikuwa na tope. Kutoka nyumbani mpaka dukani barabara ni ya mawe, lakini udongo wa njia ya tanurini ni mwekundu na unanata kama gundi. Siku ya mvua huwezi kupita njia ile bila kubeba nusu yake. Mtoto alipelekwa kwa gari, na Cirilo hakuwa hata na baiskeli. La pili lilikuwa zito zaidi. Mchana ule Herminia alikuwa kwa Blásida. Jirani alimwita akamwambia mdogo wako amepasuliwa mdomo, naye akaacha unga mezani akakimbia. Alimkuta Cirilo amelala sakafuni jikoni, anakoroma, damu ya mkewe imetapakaa kifuani. Yeye na Blásida walikaa kitandani wakisikiliza mvua mpaka jioni, na mtu yule hakujigeuza hata ubavu.

Polisi, hata hivyo, waliambiwa na Blásida kwamba Cirilo aliondoka saa sita na kurudi jioni, shati likiwa na damu.

Herminia alimfuata uani, alipokuwa akianika nguo.

"Mbona umewadanganya?"

Blásida hakugeuka. "Dada, tangu niolewe sijawahi kulala kama ninavyolala sasa. Niache nilale."

"Na aliyemuua Nimia naye analala."

"Kwani kwa aliyonifanyia mimi, hastahili jela?"

"Anastahili. Kamshitaki kwa meno yako na mbavu zako, nitakuja kukutolea ushahidi hata kesho. Lakini usichukue kesi ya mwanangu ukaifanya kufuli la kumfungia mumeo."

"Ningemshitaki, nani angenisikiliza? Nimekwenda kituoni mara ngapi? Wananiambia nikampikie chakula kizuri." Sasa Blásida alikuwa analia. "Safari hii wamenisikiliza. Mara moja tu, dada."

Herminia alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi. Hakufanya lolote. Aliokota shuka lililoanguka topeni, akalitundika, akaenda zake.

Mwendesha mashtaka, Galeano, aliyeitwa Dokta kama wanasheria wote wa kule, alimpokea kwa upole, akamvutia kiti.

"Mama Benegas, ripoti nimeisoma. Nyayo nimeziona."

"Sasa?"

"Sasa watu walitaka kuchoma kituo cha polisi. Leo wametulia majumbani mwao."

"Kwa hiyo umewapa Cirilo kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa."

"Usiseme hivyo, mama."

"Shati mmelipeleka maabara ya Asunción likapimwe?"

Galeano alipangusa miwani. Shati lilikuwa bado kabatini.

Herminia alikwenda redioni siku ya Jumapili, baada ya misa, akalisema hilo hewani kwa sauti kavu: shati halijapimwa, na anayejua sababu ni yule anayekaa ofisini na feni mbili. Kuanzia wiki ile chipa zake zilirudi nyumbani zimejaa kikapu. Mtu aliandika kwa chokaa kwenye ukuta wake, MAMA GANI HUYU. Hakufuta. Alisema aliyeandika na apite kila siku asome mwenyewe.

Kesi ilipofika mahakamani alisimama akaeleza kila kitu, mbele ya Blásida. Jaji aliamuru shati lipimwe. Kabla majibu hayajasomwa, Blásida alipanda basi la Buenos Aires bila kumuaga mtu. Damu ilikuwa yake.

Cirilo aliachiwa. Alikuja langoni kwa Herminia, amenyoa, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kushukuru."

"Sikukutetea wewe. Ulikuwa umesimama mbele ya mtu ninayemtafuta, nikakusogeza. Ondoka hapo langoni."

Hapo ndipo mji ulipomrudia, na ulimrudia na jina jingine. Fundi wa magari, mtu mwenye sauti kubwa, alikuja na wenzake: "Mama, wewe sema ni Fabio. Sema tu, kesho tunaandamana."

"Ushahidi wenu?"

"Si ana gari."

"Padri ana gari. Don Silverio ana gari. Wewe mwenyewe umekuja hapa na gari. Tuanze na nani?"

Waliondoka wakisema amenunuliwa.

Pale bandani watu walikuwa wamejenga kijumba cha sanamu, wakaanza kumwomba Nimia kama malaika: wapate kupona, wapate kazi, bahati nasibu. Herminia alichukia mishumaa ile kuliko uvumi. Siku moja alasiri, miaka kadhaa baada ya maziko, alikwenda, akamkuta Porfiria, mke wa mshonaji, amepiga magoti peke yake.

"Unamwomba nini mwanangu?"

"Anisamehe," alisema Porfiria, kisha akaziba mdomo kama aliyeropoka.

Herminia alikaa chini mbele yake. Porfiria akaanza kueleza. Jumamosi ile alikuwa kwenye nyumba ya mwanamume asiye mumewe. Dirishani aliona gari jeupe limesimama kando ya duka la Don Silverio. Nimia alilikimbilia, akafungua mlango mwenyewe, akapanda.

"Alivutwa?"

"Hapana. Alikuwa anacheka."

"Dereva?"

"Mvua, Herminia. Naapa sikumwona."

"Miaka yote hii ukawa unamwashia mishumaa."

Herminia alimshika mkono juu ya kiwiko na hakuuachia mpaka ofisi ya mwendesha mashtaka. Galeano alikuwa ameshahamishwa. Mwanamke kijana aliyechukua nafasi yake aliandika maelezo, akauliza maswali mengi, akakiri kwamba nusu ya magari ya wilaya ni meupe. Porfiria alitia sahihi, na mumewe alimfukuza wiki ileile. Herminia alimpa chumba cha nyuma. Hasira yake kwa mwanamke yule haikupungua, ila hakutaka shahidi wake alale barabarani.

Kesi haijapata jibu. Lakini madereva wa malori wametoka kwenye hesabu, maana Nimia asingecheka akipanda gari la mgeni. Aliyemchukua alimjua, na yumkini alikuja kwenye sala, akapokea kibuyu, akataja jina la mtu mwingine. Tangu siku ile, kila gari likimpigia honi ya salamu, Herminia hulisogelea mpaka dirishani na kuuliza, "Jumamosi ile ya mvua ulikuwa wapi?" Wapo wanaopandisha kioo. Wapo wanaojibu, naye husimama pale juani akawasikiliza mpaka mwisho.