Shanga Nane za Mwalimu Josiane

Mimi Kanyamibwa ni motari, nabeba watu kwa pikipiki toka Mpofi mpaka Pinga. Watu wananiita kichwa ngumu, na kweli siogopi ovyo. Lakini siku ile nilimubeba Mwalimu Josiane kwenda Pinga, weee, niliogopa!

Josiane anafundisha biolojia kule Pinga, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwanamuke mufupi, mukali, zero yake haina huruma. Shule yake haina hata picha moja ya ukutani, basi vyombo vya kufundishia anatengeneza mwenyewe. Mara hii alikuwa amegandisha kwa gundi shanga za rangi nne, nane nane, zikawa vidonge. Kila kidonge akakizungushia uzi mwekundu karibu mara mbili, halafu akafunga vyote ndani ya kitambaa.

Njiani, kwenye barieri ya wapiganaji, kijana mwenye bunduki alifungua kile kitambaa. Akaruka nyuma.

"Komanda! Hii ni dawa ya vita!"

Mungu wangu! Wapiganaji wa huku wanavaa vitu kama hivyo shingoni ili risasi isiwaingie, na ukikamatwa na dawa ya adui, hakuna msamaha. Walitupigisha magoti kwenye matope. Komanda akaweka bunduki kwenye shingo ya Josiane.

"Nani amekutuma?"

"Hii ni somo tu, Papa." Josiane akaonyesha kitambaa. "Ndani ya mwili wako kuko uzi mwembamba sana. Njo mule imeandikwa pua yako, rangi yako, yote. Kila kachembe ka mwili kako na metre mbili za ule uzi. Utaingia namna gani bila kujifunga mafundo? Unazungushwa kwenye proteini zinaitwa histoni. Ni hizi shanga: aina ine, mbili mbili. Na namna ya kuzitengeneza imeandikwa mule mule ndani ya uzi, kwenye jeni zake."

Jasho linamutoka, bunduki iko shingoni, lakini anafundisha, jamani! Vijana wakasogea.

"Hata mimi niko nazo?" mumoja akauliza.

"Hata weye."

Akajishika mukono, akautazama. Bunduki ikashuka kidogo. Nikaanza kupumua.

Ndipo komanda akauliza, "Na wale adui wa ng'ambo ya muto? Nao wako nazo?"

Jibu nililijua. Njia nzima Josiane alikuwa ananipigia kelele mgongoni kwamba histoni za watu wote ni zile zile, na hata za ng'ombe na za njegere zinafanana karibu kabisa.  Sasa alikuwa anatazama kidole cha komanda kwenye bunduki.

"Hapana," akasema. "Wale hawana."

Komanda akacheka sana. Akaturudishia kitambaa, akasema tuende.

Tulipopita kona ya pili, Josiane alinipiga mgongoni nisimame. Akashuka, akatazama njia tuliyotoka.

"Mwalimu, umetuokoa," nikamwambia.

"Nimesema bongo, uongo mutupu, Kanyamibwa. Na wameelewa! Hukuwaona? Wataambiana ile maneno mpaka siku watavuka muto kuua wale watu. Naogopa kuliko kule barieri."

 Mama yangu mzazi analima kule ng'ambo, na wakati Josiane alisema hawana, mimi niliinamisha kichwa kukubali.