Sikuingia Jeshini Kupika

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa na kambi nzima. Afisa wa michezo, kapteni mmoja mwenye sauti ya ngoma, alitupanga sisi wasichana kurutu akauliza nani anajua kuogelea. Nikanyoosha mkono. Tukapelekwa bwawani, kila mtu akapewa njia yake kati ya kamba mbili. Tukaambiwa kwenda na kurudi.

Filimbi ikalia. Nikawaacha wote. Nikagusa ukuta wa mbele, nikapanda nje, nikaanza kutembea pembeni ya bwawa kurudi mwanzo, maji yananichuruzika.

"Wewe! Unaenda wapi?" Sajenti, mwalimu wetu, aliniuliza.

"Narudi, afande."

"Nani alikuambia toka kwa maji?"

"Si nimefika, afande?"

Wakacheka mpaka wengine wakameza maji. Lakini mimi nimezaliwa Bugoye, chini ya mlima. Mto Mubuku unashuka kutoka mlimani na nguvu yake, na baridi ya kukata meno. Kwetu hakuna mtu anayeogelea kupanda. Unashuka na maji, unatoka, unatembea juu ya mawe na gauni lako kichwani, unaingia tena. Kurudi ni kwa miguu. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Kapteni hakucheka. "Peleka huyu jikoni. Mtu ya mlima apike."

"Jikoni nimetoka, afande," nikamwambia. "Kwa mama yangu kuna jiko. Sikuja jeshini kupika."

Kurutu hamjibu kapteni. Nilibiringishwa kwenye matope mpaka sikujua mbingu iko wapi. Nilipoinuka nikarudia maneno yale yale. Kapteni akamgeukia sajenti: "Mufundishe. Akishindwa kugeuka kabla ya mashindano ya kambi, sufuria zinamungoja."

Kugeuka, ninyi watoto mnaoona kwenye simu tu, ni hivi: unafika karibu na ukuta, unapinduka kichwa chini kama unataka kuchungulia tumbo lako, unasukuma ukuta kwa nyayo, unatoka kama jiwe la manati. Mimi nilipiga visigino ukutani mpaka vikatoka damu. Maji yaliingia puani yakatokea machoni. Sajenti alikuwa anapiga kelele, "Pinduka! Unaogopa ukuta? Ukuta haiumi!" Mtindo wetu ulikuwa ule huru, mkono huu na mkono ule, na pumzi unaiiba pembeni. Kichwa ukiinua, miguu inazama. Nilimeza bwawa lile karibu lote, lakini nikageuka.

Kwenye mashindano nilikuwa wa pili. Sufuria zikapata mtu mwingine.

Nikahamishiwa kambi ya pili, nikaolewa na koplo, nikazaa. Nilipotoka likizo ya uzazi, mkuu mpya, meja, alikuwa amempa msichana mwingine njia yangu kwenye timu ya kuogelea.

"Mama anyonyeshe," akasema.

"Mtoto amenyonya asubuhi, afande. Sasa iko na baba yake. Tuogelee, mimi na huyu msichana. Anayefika nyuma akae."

Mume wangu alisimama pale na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kitenge, na wenzake wanamwita mama koplo. Hakusogea. Nilimshinda yule msichana kwa urefu wa kiganja. Msichana mzuri, alilia. Nikamwambia aje kesho, tufanye tena.

Nilipostaafu, kanali alinisifu, akamaliza kwa kusema, "Sasa mama amechoka, apumzike." Nikamuuliza mbele ya watu: "Afande, nani amechoka?"

Leo ninakaa Bwera, mpakani, nina wajukuu, na kila Jumamosi naenda Kasese kwenye bwawa la hoteli. Jirani yangu, muuza vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, hapendi.

"Mama, weye iko mukubwa! Utavua nguo mbele ya batoto?"

"Sivui, mama. Navaa. Ile ya kuogelea pia ni nguo."

Pale bwawani mlinzi aliona bibi kizee tu, akanionyesha upande wa watoto. "Jaja, kule maji yanafika magotini." Nikapita mbele yake, nikaruka upande wa kina.

Wasichana wa sasa wananipita, siwadanganyi. Pumzi imekuwa fupi, bega la kulia linalia. Wanipite. Lakini mwenye kutaka kunipita aingie majini anipite humo, si kusimama kavu na kuniambia nikae.